Mstari Mnene Unasema Nini? Kufasiri Taashira katika Mchoro wa Paul Klee wa Muziki wa Bach

Ikisiri

Makala hii inachunguza mchoro ambao Paul Klee aliuandaa kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wa chuo cha Bauhaus, mjini Weimar, katika muhula wa baridi wa 1921–1922. Mchoro huo unageuza sehemu fupi ya Adagio ya Johann Sebastian Bach kuwa mistari juu ya viraba: kimo kinaonyesha kidatu, urefu unaonyesha muda, na unene wa mstari unaonyesha uzito wa sauti. Makala inajenga hoja kwamba taashira ya mchoro huu haimo katika umbo la mstari lenyewe, bali katika makubaliano kati ya mchoraji na msomaji wake, na kwamba makubaliano hayo hupitia katika lugha. Ushahidi wa kwanza unatoka Bauhaus kwenyewe, ambako Wassily Kandinsky aliupa unene wa mstari maana nyingine. Ushahidi wa pili unatoka katika Kiswahili, ambacho semi zake za kila siku kuhusu sauti zinakaribia kubadilishana nafasi na mihimili ya Klee. Sehemu ya mwisho inajadili athari za jambo hili kwa istilahi za sanaa na kwa utungaji wa mitihani.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii alisahihisha mtihani wa ndani katika chuo kimoja cha ualimu. Swali mojawapo liliambatanishwa na nakala ya mchoro wa Klee, na watahiniwa walitakiwa kueleza kile kinachowakilishwa na unene wa mstari. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na jibu moja tu: nguvu ya sauti. Mtahiniwa mmoja aliandika kwamba pale mstari unaponenepa sauti inakuwa besi, na pale unapokonda sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Alipewa sifuri, na aliyempa sifuri hiyo ni mwandishi huyu.

Kwa kumhusu Klee, jibu lile halikuwa sahihi. Hata hivyo, lilikuwa jibu la mtu aliyeutazama mchoro kwa makini na kuusoma kwa lugha yake. Hakuna anayezaliwa akijua kwamba mstari mnene ni sauti yenye nguvu, na hakuna kitu katika wino kinachomlazimisha mtazamaji afikie tafsiri hiyo badala ya nyingine. Swali lilimtaka mtahiniwa atambue makubaliano ambayo hakuwahi kuelezwa, kisha likamwadhibu kwa kutumia makubaliano mengine aliyoyapata nyumbani. Namna hii ya kuuliza si ya chuo kimoja. Mara nyingi michoro ya usasa wa Ulaya hufundishwa kana kwamba maana zake zinajitokeza zenyewe kwa yeyote mwenye macho. Mchoro wa Klee ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo kwa sababu ni mchoro wa darasani, uliokusudiwa kueleweka, na mchoraji wake alijua muziki kuliko wachoraji wengi wa kizazi chake.

2.0 Mwalimu Mpiga Fidla

Paul Klee alizaliwa mwaka 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na Bern, Uswisi. Baba yake, Hans Klee, alikuwa mwalimu wa muziki. Mama yake, Ida Frick, alikuwa amesomea uimbaji. Paul alianza kupiga fidla akiwa na umri wa miaka saba, na alipokuwa bado mwanafunzi alikuwa akiitwa kujaziliza nafasi katika okestra ya Bern. Alipochagua uchoraji hakuiweka fidla kando. Mwaka 1906 alimwoa Lily Stumpf, mpiga piano, na kwa miaka mingi mjini Munich ni masomo ya piano ya Lily yaliyoiendesha nyumba, huku Paul akipika na kumlea mtoto wao Felix. Wanahistoria wa sanaa huupita ukweli huu haraka. Kwa mada yetu una uzito, kwa sababu unaonyesha kwamba muziki kwa Klee haukuwa sitiari ya kupambia maandishi. Ulikuwa kazi ya kila siku iliyosikika kutoka chumba cha pili.

Walter Gropius, aliyeanzisha Bauhaus mwaka 1919, alimwalika Klee mwaka 1920, na Klee akaanza kazi Weimar mwaka uliofuata. Wanafunzi aliowakuta hawakuwa wanamuziki wala, kwa sehemu kubwa, watu waliokusudia kuwa wachoraji wa picha za kutundikwa. Walikuwa wafumaji, wafinyanzi, maseremala, wafua vyuma na wapaka rangi za kuta. Klee alitakiwa kuwafundisha namna umbo linavyojengwa, naye aliandaa mihadhara kuanzia Novemba 1921 kwa bidii isiyo ya kawaida, akiandika kila somo kwa mkono na kulichorea vielelezo. Daftari la mihadhara hiyo, aliloliita *Beiträge zur bildnerischen Formlehre*, yaani michango kwa nadharia ya umbo katika sanaa, limehifadhiwa mjini Bern. Mchoro tunaouzungumzia umo humo.

Mtu anaweza kuuliza: mfumaji wa mazulia ana haja gani na Bach? Jibu la Klee lilihusu kipimo. Alitaka wanafunzi watofautishe mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi. La kwanza ni mpangilio unaohesabika: mistari mingapi, viraba vingapi, mapigo mangapi. La pili ni mpangilio unaopimwa kwa uzito: pigo lipi ni zito na lipi ni jepesi, ingawa yote yana urefu uleule. Mfumaji anayajua yote mawili kwa vidole vyake, kwa kuwa nyuzi huhesabiwa lakini mkazo wa rangi hauhesabiki. Klee aliona kwamba muziki umeyatenganisha mambo haya kwa uwazi kuliko sanaa nyingine yoyote. Kwa hiyo alianza na mikono ya kiongozi wa okestra, akachora njia ambayo kijiti kinapita hewani katika mapigo mawili, matatu na manne. Ndipo akafika kwa Bach.

3.0 Mchoro Wenyewe

Muziki aliouchagua ni Adagio kutoka Sonata ya sita ya fidla na harpsikodi katika G kuu, inayojulikana katika orodha ya kazi za Bach kama BWV 1019. Ni muziki wa sauti tatu: fidla ina sauti moja, na kila mkono wa mpiga harpsikodi una yake. Hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine. Kila moja ina safari yake, nazo hukutana, hupishana na kungojana. Klee alichukua baa mbili tu, yaani vipimo viwili vya mapigo kama vinavyotengwa katika nota.

Aliziweka nota hizo pamoja na viraba vyenye mistari ya mlalo na ya wima. Mistari ya wima inagawa muda, ya mlalo inagawa vidatu. Kila sauti ya Bach imekuwa mstari unaosafiri kutoka kushoto kwenda kulia, ukipanda kidatu kinapopanda na kushuka kinaposhuka. Sauti inaposhikiliwa, mstari unanyooka. Hadi hapa hakuna alichoongeza Klee. Mtu yeyote mwenye rula na ufahamu wa nota angeweza kufikia matokeo yayo hayo, kama vile mafundi wawili wanavyoweza kuchora ramani moja ya kiwanja kimoja.

Kisha kuna unene. Mstari wa Klee haukai na upana mmoja: unavimba na kukonda kadiri unavyokwenda, na kwa njia hiyo unabeba ule uzito aliokuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Hapa ndipo penye kiini cha mchoro, na wafasiri wengi hupapita bila kusimama. Vidatu na urefu wa sauti vimetoka kwa Bach. Unene haukutoka kwa Bach. Kama ilivyokuwa desturi ya zama zake, Bach aliandika alama chache mno za kuonyesha wapi sauti iongezwe nguvu na wapi ipunguzwe, aliwaachia wapigaji. Kwa hiyo kila mahali mstari wa Klee unaponenepa, anayesema si mtunzi. Ni mpiga fidla wa Bern, anayeusikia muziki kupitia mkono unaoshika upinde, akitwambia jinsi ambavyo yeye angeupiga.

Ufafanuzi huu unaziweka pabaya kambi mbili za wafasiri. Kambi ya kwanza huona katika michoro ya Klee alama za rohoni: mstari unaopanda ni nafsi inayotafuta nuru, mstari mnene ni uzito wa dunia. Inavutia, lakini kwa mchoro huu ni kumtwisha mwalimu mzigo ambao hakuubeba. Mstari unapanda kwa sababu sauti ya fidla inapanda. Kambi ya pili, kwa kuchoshwa na ya kwanza, inadai kwamba huu ni grafu tu, usiokuwa na taashira yoyote. Nayo inakosea, kwa kuwa inausahau unene. Grafu hurekodi kilichopimwa, na uzito ule Klee hakuupima kwa chombo chochote. Aliuamua.

Istilahi za Charles Sanders Peirce zinasaidia kidogo hapa. Peirce alitofautisha ishara zinazofanana na kitu kinachowakilishwa, ishara zinazoelekeza kwenye kitu kwa uhusiano wa kweli, kama moshi kwa moto, na ishara zinazotegemea makubaliano. Msomaji wa Ulaya huchukulia kimo cha mstari kuwa ishara ya mfanano: sauti ya juu iko juu. Huchukulia unene kuwa ishara ya uhusiano: mkono ulikandamiza, wino ukaenea. Makala hii inashikilia kwamba vyote viwili, kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko inavyodhaniwa, ni makubaliano yaliyozoeleka hadi yakafanana na maumbile.

Ni vyema tusiutumie mchoro huu wa darasani kufasiri kazi zote za Klee zinazohusu muziki. Mwaka huohuo wa 1922 alitengeneza *Die Zwitscher-Maschine*, Mashine ya Kulia kama Ndege, ambamo ndege wanne dhaifu wamesimama juu ya waya uliounganishwa na mpini wa kuzungushwa. Picha hiyo ilinunuliwa na Nationalgalerie ya Berlin, ikaondolewa na utawala wa Nazi mwaka 1937 pamoja na kazi nyingine zilizoitwa sanaa potovu, na tangu 1939 imo katika Museum of Modern Art, New York. Ndani yake maana imeachwa wazi kwa makusudi: mtazamaji hajui kama mpini unawaimbisha ndege au unawatesa. Mchoro wa Bach hauna ukarimu wa namna hiyo. Uliandaliwa kwa wanafunzi waliotakiwa kuuelewa asubuhi ile, na mwenye ufunguo wa kuufasiri alikuwa amesimama mbele yao akizungumza. Nakala iliyotufikia sisi imekuja bila mazungumzo yale.

4.0 Jirani wa Ukuta Mmoja

Kandinsky alijiunga na Bauhaus mwaka 1922. Chuo kilipohamia Dessau, yeye na Klee walipewa nyumba pacha, kila mmoja upande wake, ukuta mmoja ukiwatenganisha. Mwaka 1926 Kandinsky alichapisha *Punkt und Linie zu Fläche*, yaani kutoka nukta na mstari hadi bapa, kikiwa cha tisa katika mfululizo wa vitabu vya Bauhaus. Humo alizigeuza nota za mwanzo za Simfonia ya Tano ya Beethoven kuwa nukta: ndogo tatu na kubwa moja, kisha tena. Kielelezo hicho kimenakiliwa mara nyingi sana. Kisichonukuliwa sana ni maelezo yake juu ya mstari.

Kandinsky anaeleza kwamba ala nyingi za muziki zina tabia ya mstari, na kwamba kidatu cha ala kinalingana na upana wa mstari. Fidla, filimbi na filimbi ndogo ya pikolo huzaa mstari mwembamba sana. Viola na klarineti huzaa mstari mnene kidogo. Na kadiri ala zinavyokuwa na sauti nzito, mstari unazidi kupanuka hadi kufikia besi kubwa na tuba. Nguvu ya sauti, kwa upande wake, anaiweka katika ukali wa mstari na katika mwanga au giza lake. Katika ukurasa uleule anakiri kwamba mkandamizo wa mkono kwenye upinde unalingana na mkandamizo wa mkono kwenye penseli, maelezo ambayo Klee angeyakubali bila kusita. Lakini mfumo wenyewe ni tofauti. Kwa Klee, unene ni uzito na nguvu. Kwa Kandinsky, unene ni kina.

Watu hawa wawili walifundisha katika chuo kimoja, walikula meza moja, na wanafunzi wao walikuwa walewale. Ikiwa hata baina yao mstari mnene haukuwa na maana moja, dai kwamba umbo linabeba maana yake popote liendako limeanguka kabla halijavuka mlango wa Bauhaus. Mtahiniwa wetu hakuwa amesoma Kandinsky. Kwa kinywa chake mwenyewe, hata hivyo, alikuwa ametoa jibu la Kandinsky karibu neno kwa neno.

5.0 Juu, Chini, Nene, Nyembamba

Alilipata wapi? Mzungumzaji wa Kiswahili anayemsikia mwanamume mwenye sauti ya besi husema kwamba ana *sauti nene* au *sauti nzito*. Mtoto ana *sauti nyembamba*. Hizi si tamathali za washairi. Ni maneno ya sokoni na ya redioni. Kwa upande mwingine, anayetakiwa asikike mbali huambiwa *apaze sauti*, na kupaza ni kufanya ipae, yaani iende juu. Mtu akigombana *kwa sauti ya juu*, kinachosemwa ni kwamba anasikika hadi kwa jirani, si kwamba anaimba sauti ya kwanza ya kwaya. *Shusha sauti* ni ombi la utulivu. Basi katika matumizi ya kila siku, kimo kwa sehemu kubwa ni cha nguvu ya sauti, na unene ni wa kidatu. Klee aliweka kidatu kwenye kimo na nguvu kwenye unene. Msomaji anayeingia katika mchoro wake akiwa na semi za Kiswahili tu anaikuta mihimili imebadilishana nafasi.

Mtu anaweza kusema kwamba semi ni jambo moja na kuona ni jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Sarah Dolscheid na wenzake unatoa sababu ya kutokubali pingamizi hilo haraka. Waliwalinganisha wazungumzaji wa Kiholanzi, ambao husema sauti iko juu au chini, na wazungumzaji wa Kifarsi, ambao husema sauti ni nyembamba au nene. Washiriki waliimba kurudia sauti waliyosikia huku wakitazama mistari. Waholanzi walipotoshwa na kimo cha mstari. Wazungumzaji wa Kifarsi walipotoshwa na unene wake. Waholanzi walipozoezwa kwa muda kusema kwa namna ya Kifarsi, nao wakaanza kupotoshwa na unene. Mwaka uliofuata baadhi ya watafiti hao walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi minne wanaitikia uhusiano wa aina zote mbili. Inaonekana kwamba mtoto huanza na milango yote miwili ikiwa wazi, na lugha humzoesha kupita mmoja.

Historia inaonyesha vilevile kwamba kimo si cha milele hata Ulaya. Wagiriki wa kale waliita sauti *kali* na *nzito*, kama ambavyo Mswahili angeweza kusema leo, na uzi wa kinubi wenye sauti nyembamba kuliko zote waliuita wa chini kabisa, kwa kuwa ndivyo ulivyokaa mkononi mwa mpigaji. Wanadharia wa Kiarabu, akiwemo al-Farabi, nao walizungumzia ukali na uzito. Kimo kilishika mizizi katika maandishi ya Ulaya kupitia nota za makanisa ya Zama za Kati na mistari iliyopangwa na Guido wa Arezzo katika karne ya 11. Kwa maneno mengine, ni ukurasa uliowafundisha Wazungu kwamba sauti nyembamba iko juu, na Klee, aliyelelewa na ukurasa huo tangu utotoni, hakuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Mpiga udi wa Zanzibar anaishi na uzoefu mwingine. Akikipakata chombo chake, nyuzi nene zenye sauti nzito ziko upande wa juu, karibu na kidevu, na nyuzi nyembamba ziko chini. Jina la kale la uzi wa sauti nyembamba katika mapokeo ya udi, *zir*, ni neno la Kifarsi lenye maana ya chini. Tangu taarabu ipewe nafasi katika kasri ya Sultani Barghash, na tangu klabu ya Ikhwani Safaa iundwe mwaka 1905, vizazi vya wapigaji vimejifunza kwamba ili kupata sauti nyembamba mkono unakwenda chini. Unene wa uzi unalingana na kidatu. Kimo chake kinakwenda kinyume. Kwa vidole hivyo mchoro wa Klee ni mgeni, na wa Kandinsky ni ndugu.

Kwaya nazo zina ushahidi wake, ingawa unaelekeza pande mbili. Mfumo wa tonik solfa, uliokuzwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, uliletwa na wamisionari na bado unatumiwa na kwaya nyingi za Afrika Mashariki. Ndani yake kulikuwa na chati ya ukutani ambamo *do* iko chini na *re*, *mi*, *fa* zinapanda kama ngazi. Lakini katika karatasi ya wimbo yenyewe herufi zimepangwa katika mstari mmoja ulionyooka, *d r m f*, na ni kialama kidogo tu kinachoonyesha kwamba sauti imevuka oktavu. Mwanakwaya anaweza kuimba miaka thelathini, tena vizuri, bila kusoma hata siku moja muziki unaopanda na kushuka kwa macho. Hivyo hata ule usomaji wa nota unaodhaniwa kuwa urithi wa pamoja wa shule na makanisa haukutuletea moja kwa moja mhimili wa wima ambao mchoro wa Klee unautegemea.

6.0 Istilahi na Karatasi ya Mtihani

Kiswahili cha kitaaluma kimekwisha kuchukua hatua yake. Katika isimu neno *kidatu* limekubalika kwa dhana ya kiwango cha sauti, na kidatu au kidato ni kipandio: kile kinachokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Waundaji wa istilahi hiyo walichagua kimo. Uchaguzi wao ni mzuri na makala hii haipendekezi ubadilishwe. Inachopendekeza ni kwamba watu wanaoandaa orodha za istilahi za muziki na usanifu, iwe BAKITA, BAKIZA au Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wasiifafanue kwa kifungu *sauti ya juu au ya chini* na kuishia hapo. Kifungu hicho kina maana mbili zinazoishi pamoja, na mwanafunzi atachukua ile anayoijua, ambayo mara nyingi ni ya nguvu. Fafanuzi ya kidatu itaje kwa uwazi wembamba na unene wa sauti, kisha iseme kwamba katika nota za mistari wembamba huo huandikwa juu. Kwa dhana ya pili, *nguvu ya sauti* linafaa kuliko *ukubwa wa sauti*, kwa kuwa ukubwa nao una mtego wake: mwanamuziki wa Austria Gerhard Kubik, aliyetafiti muziki wa bara hili kwa miongo mingi, ameeleza kwamba lugha nyingi za Kiafrika huita sauti nzito kubwa na sauti nyembamba ndogo. Mwalimu wa Kiswahili mwenye wanafunzi kutoka lugha hizo atasema *sauti kubwa* akimaanisha kelele, nao watasikia besi.

Kuhusu michoro yenyewe, mfano wa ramani unatosha. Hakuna mtungaji wa mtihani wa jiografia anayeweka mbele ya mtahiniwa ramani isiyo na ufunguo, halafu akamuuliza rangi ya kahawia inawakilisha nini. Mchoro wa usasa unaohusu muziki unastahili heshima hiyohiyo, hasa unapotoka katika darasa ambalo ufunguo wake ulitolewa kwa mdomo. Wataalamu wanaoshauri juu ya mitalaa ya sanaa wataona kwamba gharama ya marekebisho haya ni ndogo: sentensi mbili chini ya picha.

Swali lile la mtihani lingeweza kuandikwa hivi: *Katika mchoro huu Klee ameonyesha nguvu ya sauti kwa unene wa mstari. Kandinsky aliutumia unene kuonyesha sauti nzito na nyembamba. Chora sauti tatu za wimbo unaoujua kwa kufuata mfumo mmoja kati ya hiyo miwili, kisha eleza ni kitu gani ulichoshindwa kukionyesha.* Kwa swali la namna hiyo, mtahiniwa wa mwaka ule angekuwa na la kuchora, na msahihishaji angekuwa na la kusoma. Karatasi yake haipo tena. Majibu ya mitihani ya ndani huteketezwa baada ya muda uliowekwa, na alama iliyoingizwa kwenye rejesta haibadilishwi.